Tairi la Lami

— Tairi za elfu tisini, mzee. Nimezifunga kwenye magurudumu kwa mkono wangu mwenyewe, na upepo umetoka wote kabla sijafika duka la tatu.

Breki alisimama mbele ya benchi, ukutani kwa duka la kinyozi, na hakukaa ingawa waliokaa walimsogezea nafasi. Pikipiki aliisukuma hadi pale, jasho likimchuruzika. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavu, nyuzi zake za ndani ziko nje, na spoku mbili, vile vijiti vya chuma vinavyoshika gurudumu, zilikuwa zimekatika. Mikate ya bekari aliyokuwa anaisambaza ilibaki barabarani, magari yakaimaliza. Mwenye bekari hakugombeza. Alisema tu kwamba kama kesho pikipiki haijasimama, njia ile anampa mwingine.

Breki alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini hakuwahi kumpunja mtu chenji, na akidhani wenzake nao wako hivyo, aliwasikiliza. Wiki iliyopita alikuja kuwauliza hapa hapa. Dukani alikuta tairi za aina mbili, bei karibu sawa: ubavuni moja imeandikwa TT, nyingine TL. Anunue ipi?

Mzee Ramani, ambaye ujanani alikuwa utingo wa malori na tangu hapo hakuna chenye magurudumu asichokijua, alizifasiri herufi zile bila hata kushusha kikombe. TT ni Tairi la Tope. TL ni Tairi la Lami. Na njia ya bekari si lami mwanzo mwisho? Basi. Muuza duka naye akamwambia hizo TL hazitaki mpira wa ndani, Breki akaona kaokoa bei ya mipira miwili.

— Fundi wa pancha kanicheka leo, alisema Breki. Kaniambia hizo ni za magurudumu yasiyo na tundu. Gurudumu la spoku lina tundu kwa kila kijiti. Bila mpira wa ndani, nilikuwa najaza upepo kwenye chujio.

— Huyo fundi anauza nini? aliuliza Ramani kwa upole.

— Mipira ya ndani.

— Ehee. Ulitaka aseme nini?

Wembe, kinyozi mwenyewe, aliacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu akatoka mlangoni, maana jambo hili alikuwa amelifikiria. Alisema tairi halina kosa. Upepo waliomjazia gereji ulikuwa wa moto, na upepo wa moto ni mwembamba, unapita popote. Ramani akakataa, tatizo ni lami yenyewe, ya zamani mno, haijazoea tairi za kisasa. Wembe akafikiri tena, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi.

— Ulibeba mikate, Breki. Mikate ina hamira. Kazi ya hamira ni nini?

— Kuumua.

— Kuumua kwa nini? Kwa hewa. Sasa hiyo hewa iliitoa wapi?

Ramani alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa uzeeni. Breki aliwatazama wote wawili, akatafuta tusi, akalikosa. Hasira ilimwishia pale pale, na kilichobaki baada yake kilikuwa kibaya zaidi. Akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu bovu.

Hapo ndipo dada yake mkubwa alipofika. Habari zilikuwa zimemtangulia. Ni fundi cherehani, na futi yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa mazoea, ingawa kazi hakuwa nayo tena: elfu tisini zile zilikuwa bei ya cherehani yake. Aliiuza kwa ahadi ya mdogo wake kwamba mikate itamrudishia pesa.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Tulikuwa tunamweleza mdogo wako kwamba hizi tairi…

Alimwacha amalize. Alisikia yote, lami na upepo wa moto na hamira, akitazama ule mchaniko.

— Kati yenu, alisema, nani amewahi kumiliki pikipiki?

Ramani aliangalia ndani ya kikombe. Wembe alikumbuka mteja wake, lakini hakuondoka. Mteja mwenyewe alichungulia dirishani, kichwa nusu, akarudi kukaa.

Dada aliwaacha. Alimgeukia Breki pale chini, akanyoosha mkono, kiganja juu.

— Cherehani yangu.