Safu ya Saba, Kiti cha Pembeni

Mimi ninayesoma wasifu huu ni mume wa dada wa marehemu. Kabla ya kuwa shemeji yake nilikuwa hasimu wake. Tulionana kwa mara ya kwanza Aprili 1993, ghorofa ya pili ya ofisi za gazeti. Nilikuwa nimeacha kukodisha kanda za video, nimenunua ghala la samani na kuligeuza jumba la sinema. Yeye, wiki ya kwanza tu, akaipa filamu yangu ya ufunguzi nyota moja kati ya tano.

“Bwana mwandishi,” nikamwambia, “nyingine huna?”

“Ninazo tano. Filamu yako imebeba moja, tena kwa tabu.”

“Fanya mbili, nikupe kiti cha kudumu. Safu ya saba, pembeni, unyooshe miguu.”

“Kiti nakitaka. Ila tiketi nitakata mwenyewe, na nyota siongezi.”

Nikaondoka mikono mitupu. Kwenye ngazi nikakutana na dada yake akimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Yaliyofuata mnayajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Mama yake alikuwa mshonaji, na kila mwaka alishona mavazi ya michezo ya kuigiza ya shule. Kila mwaka waigizaji walipigiwa makofi, na mama hakutajwa.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari. Akiwa kidato cha pili, mwalimu mkuu alitunga mchezo wa kuigiza. Kesho yake asubuhi kulikuwa na karatasi kwenye ubao wa matangazo: “Mfalme amekufa onyesho la kwanza. Watazamaji tumekufa la pili.” Hati ilikuwa ya marehemu, na hakukana. Alifyeka majani wiki nzima.

Mwaka 1980 aliajiriwa gazetini kuwa msahihishaji, na mwaka 1986 akapewa ukurasa wa filamu, ambao hakuuachia mpaka juzi. Alihukumu kila aina. Filamu ya vita: “Risasi ni nyingi kuliko sababu.” Ya mapenzi: “Simu moja ingemaliza ugomvi huu, na sisi tungewahi kulala.” Ya kutisha: “Niliogopa mara moja, nilipoona bado imebaki saa nzima.” Lakini katuni ya paka aliyepotea aliipa nyota zote tano, akaandika, “Nimelia. Msinitanie.” Tulimtania miaka kumi.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla taa hazijazimwa alichora nyota tano tupu chini ya ukurasa wa daftari. Hakuijaza hata moja mpaka jina la mwisho lipite kwenye pazia, mshona nguo, mbeba taa, mpishi, wote. Watu wakishainuka, yeye amekaa. Nilipomuuliza, alisema, “Shemeji, hapo ndipo mama yangu angeandikwa.” Tangu siku hiyo niliwaagiza wafanyakazi wangu kwamba yule wa safu ya saba asisumbuliwe. Agizo hilo ni langu.

Alifunga ndoa mwaka 1988 na muuguzi, ambaye leo ni mjane wake. Siku ya kwanza ya uchumba wao alimpeleka sinema, binti akasinzia. Gazetini yakatoka haya: “Mwenzangu alilala dakika ya thelathini. Yeye ndiye aliyeielewa filamu hii.” Mjane huyu bado ana kipande hicho cha gazeti kwenye pochi yake.

Presha iligunduliwa mwaka 2019. Alimeza dawa kwa wakati, akaacha chumvi, na kliniki hakukosa. Ndiyo maana hata sasa hatujaelewa. Hakulazwa hata siku moja. Hakulalamika. Asubuhi ile alinipigia simu akicheka.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, onyesho la saa nane mchana, alikata tiketi kama kawaida. Filamu ile ndiyo niliyoitegemea iniokolee jumba, maana viti vimekuwa vitupu tangu mwaka jana, na neno lake zuri lilikuwa linalijaza jumba wiki mbili. Nikamwambia mlangoni, “Leo nionee huruma.” Akajibu, “Huruma iko hospitalini kwa mke wangu. Hapa ni nyota.”

Filamu ikaisha. Watu wakatoka. Yeye amekaa. Mama wa usafi alifagia safu ya sita, akafagia ya nane, akairuka ya saba kwa heshima. Kisha akaja ofisini kwangu na ufagio mkononi.

“Bosi, majina yameisha zamani, taa zinawaka. Shemeji yako bado anasoma nini?”

Nikaenda ukumbini hadi safu ya saba. Kalamu ilikuwa mkononi mwa shemeji yangu, na mkono ulikuwa wa baridi.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Nikamuuliza kama zile dakika tulizomwacha amekaa zingeweza kumwokoa. Akasema, “Sijui, mzee.” Maisha yangu yote nimepewa bei nikaipunguza. Hiyo haikupungua.

Juzi mhariri wake alinipigia. “Daftari unalo wewe. Maoni ya mwisho tunayachapa. Nyota ngapi?” Nikamwambia hazikujazwa. Akasema, “Basi jaza wewe, wewe ndiye unayemjua. Nani atauliza?” Nilikaa kwenye kiti chake na kalamu yake. Nyota tano tupu, na jumba langu lote linazingoja. Miaka thelathini na moja nilimbembeleza moja tu.

Nimezirudisha tupu. Zitachapwa hivyo, na jumba likifungwa, lifungwe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na ndugu wanne, akiwemo mke wangu. Yeye amepata alichokitaka siku ya kwanza: hakuuza nyota, akiwa hai wala baada ya hapo. Mimi nimebaki na kiti nilichokitoa bure na hakikupokelewa bure, na nimempoteza mtu pekee ambaye sikuweza kumnunua. Apumzike sasa, jina la mwisho limeshapita.