Fundi Bembea, Aliyewajengea Watoto wa Ugenini

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti mkubwa wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kueleza alikuwa nani huyu tuliyekuja kumsindikiza. Wengi wenu mlimwita Fundi Bembea. Nitajitahidi nisome mpaka mwisho.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya babu yetu, aliyekuwa mchomeleaji wa mageti. Shangazi, dada yake wa pekee, husema kaka yake alijua kushika koleo kabla ya kujua kushika kijiko.

Alianza shule mwaka 1958. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alipokuwa darasa la sita kengele ya shule ilikwama, akaparamia nguzo kwenda kuitengeneza. Kengele ikapona, ila yeye akashindwa kushuka, maana aliogopa urefu. Mwalimu mkuu alileta ngazi akamteremsha mgongoni, shule nzima ikitazama. Hofu ile hakuiacha. Hata ukubwani, kwenye lile gurudumu kubwa la kubebea watu juu alilolitunza miaka mingi katika bustani ya michezo, alipanda kwa kazi tu, akiwa amejifunga kamba mbili, na tulipomcheka alijibu, "Mimi fundi, si ndege." Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ufundi, akamaliza mwaka 1970 na cheti cha umakanika.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa katika bustani ya michezo ya mjini kwetu kama fundi msaidizi. Alianza na farasi wa mbao wa kuzunguka, akapewa kitreni cha watoto, na kufikia mwaka 1988 alikuwa fundi mkuu wa mitambo yote. Kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa aligonga kila nati kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Alisema nati iliyolegea hujisema yenyewe.

Tarehe 14 Agosti 1979 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, ambaye alikutana naye alipompeleka hospitali kijana aliyebanwa kidole. Mama anasema siku ile Baba aliuliza habari za kidole mara moja, na habari za zamu yake mara tatu. Walijaliwa watoto watatu: mimi mwaka 1982, mdogo wangu wa kike mwaka 1985, na kitindamimba, wa kiume, mwaka 1990.

Mwaka 1993 kampuni iliamua kufungua bustani nyingine ng'ambo, katika nchi ambayo hakuna aliyejua hata salamu yake. Baba alitumwa akiwa na michoro, na agizo la meneja mkuu lilikuwa fupi: kila kitu kiwe kama cha nyumbani, hata rangi ya mabenchi. Aliaga kwamba anakwenda mwaka mmoja.

Bustani ile ilifunguliwa Jumamosi, tarehe 2 Julai 1994. Watu walikuja, wakatazama, wakaondoka. Kufikia Agosti kitreni kilizunguka kitupu. Makao makuu wakaandika kwamba hali isipobadilika, mwisho wa mwaka wanafunga. Wakubwa wengine walisema wenyeji hawajui kustarehe. Baba alichukua kiti, akakaa kwenye geti la kutokea siku tisa, na kwa maneno machache aliyokwisha kujifunza akawauliza watu kwa nini wanaondoka mapema. Wengi walitabasamu tu kwa adabu. Aliyemjibu ni mama mmoja mkata tiketi.

"Fundi, hapa kwetu mtu haji na mtoto peke yake," alimwambia. "Anakuja na bibi, na shangazi, na mkwe. Nyinyi mmeweka viti vya wawiliwawili. Mnatutenganisha, halafu mnashangaa tunarudi nyumbani. Bibi akae wapi?"

"Na kingine?"

"Lile sanamu lenu la getini, linalocheka kwa sauti. Asiyekujua akikucheka, wewe utaingia kwake?"

Baba alipenda kutusimulia siku ile. Alisema, "Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mimi nilikwenda, nikakuta wenzangu wana macho yote mawili. Mwenye chongo nilikuwa mimi." Jioni ileile alikata waya wa sanamu. Kisha, bila kumwandikia yeyote, alianza kukata vizuizi vya mabehewa ya kitreni ili watu sita wakae wakitazamana, akachomelea mabenchi ya wazee mahali ambapo wangewaona wajukuu wao wakipita.

Jumapili, tarehe 23 Oktoba 1994, alikuwa akijaribu mabehewa mapya kwa mifuko ya mchanga, ndipo alipoitwa ofisini kwenye simu. Mdogo wetu wa kiume alikuwa amefariki kwa homa ya uti wa mgongo, baada ya kuugua siku mbili tu. Alikuwa na miaka minne. Ndege zilikuwa mbili kwa wiki. Tulizika Jumatatu, Baba akafika Alhamisi. Mama hakumlaumu. Alimwekea chai mezani, akaingia chumbani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ulimi hauna mfupa. Nilimwambia mbele ya watu, "Huko umewajengea watoto wa wenzio. Wa kwako tumeshamzika." Alikaa nasi siku kumi na moja, kisha akarudi ng'ambo.

Desemba meneja mkuu alifika kule kukagua. Alimuuliza nani amemruhusu kukata mabehewa.

"Hakuna, bosi. Ningengoja ruhusa, ungekuta tumefunga."

Meneja alisimama getini Jumamosi nzima. Aliona ajuza wameshikwa mikono, wakiingia na ukoo wao. Jioni alisema, "Acha hivyohivyo." Bustani ile ipo mpaka leo. Baba aliiendesha miaka kumi, akirudi nyumbani likizo tu, na likizo zote hizo mimi nilimwamkia tu, sikumsemesha zaidi. Alirejea moja kwa moja mwaka 2004, akastaafu mwaka 2011.

Mwezi Juni 2022 alianza kukosa pumzi. Daktari alisema ni mapafu, moshi wa kuchomelea wa miaka mingi. Nilihamia nyumbani kumuuguza, na mle chumbani, kati ya mtungi wa oksijeni na dirisha, tulizungumza kuliko tulivyowahi. Siku moja nilimuuliza kwa nini alirudi ng'ambo mapema vile.

Alivuta pumzi kwanza. "Watu walidhani ni kazi. Haikuwa kazi, mwanangu. Viatu vyake vilikuwa bado mlangoni. Sikuweza kukaa katika nyumba ile, nikawaachia nyinyi mkae. Nilikosa."

Nikamwambia, "Na mimi nilikukosea, Baba. Maneno yale nayarudisha."

"Yalikuwa kweli," akasema. "Ila asante."

Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mkono mmoja ukiwa kwa Mama na wa pili kwangu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Mkata tiketi, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, amesafiri siku mbili na yupo hapa nasi. Jana alitueleza jambo tusilolijua. Miaka ile yote, kila tarehe 23 Oktoba, Baba alisimama kando ya kitreni tangu asubuhi, na kila mtoto wa miaka minne aliyekuja alimpakia bure, akimfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Hakumwambia mtu kwa nini. Wafanyakazi wenzake hawakumuuliza.

Baba ametanguliwa na wazazi wake, kaka zake wawili na mwanawe. Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, mdogo wake wa kiume, na mafundi wengi aliowafundisha kusikiliza nati. Mwaka 1994, katika zile siku kumi na moja, alikwenda peke yake kwa mtunza makaburi akaomba nafasi iliyo kando ya mwanawe isipewe mtu mwingine. Ndipo hapa tunapomlaza leo.

Umefika, Baba. Lala salama karibu naye, na Mungu awape amani nyote wawili.