Waliponiambia Niruke kwa Imani

Watu wa Mungu, Bwana apewe sifa zake! Apewe hata na mimi ninayesimama kwa gongo.

Mnanifahamu. Mimi ndiye Esta, fundi cherehani wa Ngamiani. Sare za kwaya mlizovaa leo nilizishona mimi. Nina selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa, maumivu nimeyazoea. Lakini mwaka juzi nyonga ya kushoto iliniuma hata nikashindwa kukanyaga cherehani. Nikaja hapa kuombewa.

Ndugu zangu, mlisema ni roho ya ukoo. Nilipotaka kwenda hospitali, Mama Neema, kiongozi wetu wa maombi, akanizuia. "Ukienda umemkana Bwana. Ruka kwa imani, dada!" Mkapiga makofi. Nikaruka! Jumapili tatu niliruka, machozi yakinitoka, nanyi mkashangilia, "Ameguswa!" Nilikuwa naumia, ndugu zangu. Naumia!

Jumapili ya nne sikuweza kuinuka kitandani. Kaka yangu akaja kutoka Muheza, akanibeba mgongoni hadi kwenye bajaji. Hospitalini daktari alitazama picha, akaniuliza, "Dada, ulikuwa wapi muda wote huu?"

Nilikuwa kanisani, ndugu zangu!

Akanieleza kwamba damu haikufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa. Wa kushoto ulikuwa umeshabonyea. Wa kulia nao umeanza kufa, ila bado una umbo lake. "Huu tutauwahi," alisema. "Tutautoboa kupunguza msukumo wa ndani, tupandikize kipande cha mfupa wenye afya."

"Na wa kushoto, ningekuja mapema?"

"Huenda tungeuokoa."

Hiyo "huenda" mpaka leo haijanishuka kooni.

Nilipasuliwa. Nikakaa na magongo mawili miezi mingi, na mguu wa kulia ukapona; wa kushoto ndio huu ninaouegemezea gongo. Mungu wangu, asante! Asante kwa mikono ya yule daktari! Mama Neema alikuja kunitazama, akasema, "Umeona maombi yetu yalivyojibiwa?" Nimemsamehe? Bado naomba nisaidiwe, ndugu zangu. Sitawadanganya madhabahuni.

Na wewe binti uliyekaa nyuma kule, unayejishika nyonga tangu ibada ianze. Nimekuona. Leo huruki, mwanangu, hata wakikupigia makofi. Mtumaini Bwana, naye hajakataza hospitali. Kesho asubuhi nisubiri mlangoni kwenu. Nitakuja na gongo langu hili, twende wote.