Daraja la Tatu la Mbweha

Jumanne, tarehe kumi na tatu Novemba mwaka 2018, saa nane na nusu mchana, kipimajoto cha dirishani kwenye duka la kahawa la mtaa wa Saint-Viateur, Montreal, kilisoma nyuzi mbili chini ya sifuri. Theluji nyepesi ilianguka bila upepo, na benchi lililo mbele ya duka lilikuwa limeloa upande wa kushoto tu, kwa kuwa upande wa kulia ulikuwa na wenyewe. Mzee Fernand, aliyetengeneza kwa miaka thelathini na mmoja zile mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, aliitwa Sarafu. Hermance, aliyelipwa na kampuni moja kubwa ili acheze siku nzima akitafuta makosa, aliitwa Karatasi, kwa sababu kila kosa aliliandika kwanza kwenye kipande cha karatasi. Wilbrod, aliyewapima wachezaji kwa tarakimu katika kampuni hiyohiyo, aliitwa Takwimu. Wa nne alikuwa Aurèle, na siku hiyo hakuwa na utani. Yeye na mshirika wake Maude walikuwa wamelitengeneza gemu lao wenyewe, la mbweha anayevuka madaraja na taa yake, kwa miaka mitatu na miezi miwili. Toleo la mwisho lilipaswa kuwafikia wauzaji kabla ya saa kumi alasiri. Zilibaki dakika tisini.

— Saba kati ya kumi na wawili, — alisema Aurèle. Kifaa cha kuchezea kilikuwa mapajani mwake, kahawa yake haijaguswa. — Nimewapa watu kumi na wawili wajaribu. Saba wameacha kucheza kwenye daraja la tatu.

— Wamefia hapo? — aliuliza Sarafu.

— Hapohapo. Mbweha anafika ukingoni na taa yake, anatumbukia, wao wanazima. Hawarudi tena.

— Safi! Gemu lisiloua ni katuni, bwana mdogo. Mimi siku za mishahara nilikuwa nafungua mashine kwa nyuma, nakaza skrubu nusu mzunguko, maadui wanashuka kama mvua ya mawe. Watu wanaipiga mateke! Halafu wanarudi.

— Walirudi kwa sababu basi lilikuwa limechelewa, mzee, — alisema Karatasi.

— Wewe dada, ulikuwa hujazaliwa.

— Nilikuwa nimezaliwa, tena nilikuwa napiga mateke.

Takwimu alimeza kipande cha mkate wake wa duara, akapangusa ufuta kidevuni.

— Hayo ya kale. Mchezaji wa leo anataka kupewa. Kila sekunde thelathini na moja: kengele, nyota, kofia. Si thelathini. Thelathini na moja. Tumepima.

— Kofia ya nani? — aliuliza Sarafu.

— Ya mbweha.

— Aisee, hao watu wako unawapima au unawafuga kama kuku?

— Cheka tu. Halafu kuna mvua. Siku za mvua watu hucheza dakika tisa zaidi. Sasa wewe Aurèle, tia mvua ndani ya gemu. Mwili haujui tofauti.

— Mwili wako ndio haujui, — alisema Sarafu.

— Mnamchosha bure, — alisema Karatasi. — Watu wanapenda makosa. Mwaka juzi niliripoti ng'ombe anayepita katikati ya ukuta. Wakamrekebisha. Wachezaji wakaja juu, wanamdai ng'ombe wao! Acha kosa moja kwa makusudi, kaka. Mtu akiligundua, gemu limekuwa lake.

— Mimi ningemtukana, — alisema Sarafu, na sauti ilikuwa imeshapanda. — Akianguka tu, mashine inasema: Gaston, hata bibi yako amepita hapa!

— Na kama haitwi Gaston? — aliuliza Takwimu.

— Atacheza mpaka amjue Gaston ni nani.

Karatasi na Takwimu walicheka hadi mwenye duka akachungulia. Aurèle hakucheka. Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Maude, aliyekuwa ofisini ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara, alikuwa ameandika: «Tunatuma au tunaahirisha?» Aurèle alijua hesabu ya kila jibu. Wakiahirisha, nafasi inayofuata ni Machi, na ofisi walikuwa wameilipia hadi Desemba. Wakituma, na saba katika kila kumi na wawili wakaacha njiani, hapatakuwa na gemu la pili.

— Na wewe mwenyewe unalivukaje hilo daraja? — aliuliza Karatasi.

— Nimefumba macho.

— Acha kutupiga kamba.

Akafumba macho kweli. Kidole gumba kilisogea, kikabonyeza. Kwenye skrini mbweha mdogo mwekundu aliruka pengo, akatua ng'ambo, na taa yake haikuzimika.

— Nimelivuka mara elfu nne, — alisema Aurèle.

— Basi wewe si mchezaji tena, — alisema Sarafu. — Wewe ni mbweha.

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya Aurèle hasa. Alikuwa amelizoea daraja kiasi kwamba hakuweza tena kuuona ugumu wake, kama mtu asiyesikia saa ya ukutani ya nyumbani kwake.

— Lipunguze pengo, — alisema Karatasi, sasa kwa upole.

— Nimelipunguza mara tatu. Bado wanaanguka.

— Wenyewe wanasemaje?

— Wote neno moja: niliruka. Na hawakuruka! Nina kumbukumbu ya kila kidole kilichobonyeza. Gemu langu halimdanganyi mtu, Hermance. Ukingo ukiisha, umeisha.

— Tia mbwa, — alisema Takwimu. — Gemu lenye mbwa, mtu anaona aibu kulizima.

— Nyamaza, Wilbrod.

Saa tisa na dakika tano alifika mgeni wa benchi. Noëlla, mpeleka barua mpya wa mtaa, alitua mkoba wake kwenye upande ulioloa, akanunua kahawa, akabaki amesimama. Glavu zake zilikuwa zimekatwa ncha za vidole ili aweze kuchambua bahasha.

— Mama, unacheza gemu? — aliuliza Sarafu.

— Kwenye simu, nikimsubiri daktari wa meno.

— Mpe, — Sarafu alimwambia Aurèle. — Mpe huyo, halafu funga mdomo.

Aurèle akampa, akafunga mdomo, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo: anayejaribu hasaidiwi, hata akilia. Noëlla alivuka daraja la kwanza akitabasamu. La pili akalivuka kwa kelele. Kwenye la tatu mbweha alitumbukia.

— Eh! Niliruka.

Akarudia. Mbweha akatumbukia. Akarudia tena, na tena taa ikazama gizani.

— Lakini nimebonyeza!

— Amebonyeza, — alisema Karatasi. — Nimekiona kidole.

Aurèle alikichukua kifaa, akafungua kumbukumbu, akawaonyesha mistari yake midogo.

— Umebonyeza, ndiyo. Lakini mbweha alikuwa ameshatoka ukingoni. Umechelewa kwa picha nne. Gemu linaonyesha picha sitini kila sekunde.

— Nne katika sitini? — Noëlla aliangua kicheko. — Bwana, mimi huchelewa dakika kumi kila siku, na mtaa huu wananipokea kwa biskuti.

— Sheria ni sheria, mama. Chini ya mguu hapakuwa na daraja.

— Sawa. — Noëlla alinyanyua mkoba, akauweka sawa begani. — Ila huyo mbweha akinisubiri kidogo tu, nani atajua?

Noëlla aliwaaga, akaingia lango la jirani na barua zake, na swali likabaki benchini pamoja nao.

Aurèle aliondoka bila kuaga, akavuka barabara hadi ofisini. Alipanda ngazi mbilimbili, akaketi, akatafuta mstari mmoja kati ya mistari elfu themanini na tatu, mahali palipoandikwa muda, kwa hesabu ya picha, ambao mbweha bado anaruhusiwa kuruka baada ya daraja kuisha. Palikuwa na sifuri. Alikuwa ameiandika yeye, miaka mitatu iliyopita, kwa fahari. Aliifuta, akaandika sita.

— Cheza, — alimwambia Maude.

Maude alikuwa halivuki daraja lile zaidi ya mara moja kwa kila majaribio matatu. Sasa alilivuka. Akalirudia, akalivuka. Mara ya tano aliinua uso, mashavu yamewiva kwa furaha.

— Umebadilisha nini?

— Wewe umeonaje?

— Sijaona kitu. Ila leo nimekuwa hodari.

Walituma saa kumi kasoro dakika nne. Gharama ya uhodari huo ilikuwa picha sita katika sitini: sehemu moja ya kumi ya sekunde.