Chakula cha Lornah Bwenini

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Mwalimu Mkuu Bi. Nduta, walimu, Mama Jacinta mlezi wa bweni, wazazi wenzangu wa Awasi na sisi tuliotoka Kisumu alfajiri, na nyinyi wasichana mtakaolala ndani ya bweni hili jipya: hamjambo?

Mimi ni Owiti, mvuvi wa Dunga. Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wazazi, na mngemtafuta nani mwingine? Niliacha shule darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na ya kunifundisha. Samaki wangu, mbuta niliyemvua mwaka ule, kichwa kiliuzwa Kisumu mkia ukiwa bado Uganda. Lakini leo, jamani, nimechoka. Sina nguvu hata ya kujisifu vizuri.

Mpwa wangu Lornah, yule pale mstari wa mbele, anaingia gredi ya kumi. Ameniruhusu kusema habari zake. "Mjomba, sema yote," aliniambia, "lakini yule samaki mwache nyumbani." Mnaona nimeshindwa.

Ana ugonjwa wa kuzaliwa nao, sistiki faibrosisi. Hauambukizi. Makohozi mazito huziba mapafu, na yale maji ya mwili ya kusaga chakula hayafiki tumboni, ndiyo maana anameza vidonge kila anapokula. Hata akikaa kimya hapo kwenye kiti, kupumua kwenyewe kunamla nguvu kama mtu anayevuta nyavu. Akila kama nyinyi, anakonda. Na mwili ukikosa akiba, homoni za usichana nazo huchelewa. Kwa hiyo msimdhanie mtoto. Ana miaka kumi na sita, na kwenye somo la hesabu atawapita wote.

Mwaka jana mama yangu kule Nyalenda alimshindilia soda na mandazi mpaka kilo zikapanda. Nikatangazia Dunga nzima! Daktari Sylvia anayemtibu akampima kwa mashine yake, akatikisa kichwa.

"Mzee Owiti, mmeongeza mafuta. Misuli iko pale pale."

"Daktari, kilo si ni kilo?"

"Kifua hakivuti pumzi kwa mafuta, Mzee. Na insulini, ile homoni ya kuupa mwili chakula, kwake ni kidogo. Mpeni mayai, samaki, maziwa, mara nyingi kwa siku, na atembee."

Wapendwa, haya nimeyaeleza hospitalini, nimeyaeleza kanisani, nimewaeleza majirani waliodhani tunamnyima chakula. Nitaeleza mpaka lini? Jumatatu Lornah aliripoti hapa, katika bweni la zamani, Mama Jacinta akamnyang'anya chakula alichobeba, vidonge vikafungiwa ofisini, kwa sababu sheria ya bweni ni sheria. Simlaumu, anawalinda watoto dhidi ya panya wanaofuata chakula. Lakini kufikia Ijumaa msichana alikuwa hawezi kupanda ngazi. Daktari amesema wazi: kama atakula kwa kengele tu, arudi nyumbani. Na nyumbani kwetu kuna gredi ya kumi?

Mwalimu Mkuu, sitaki barua. Inua mkono tu mbele ya watu hawa, kwamba atakula darasani, bwenini, saa yoyote, vidonge vikiwa mfukoni mwake. Nitasimama hapa mpaka uinue, na magoti yangu ni mabovu.

Ameinua. Mnaona, jamani? Na Mama Jacinta pia, tena mikono miwili!

Lornah, mama, fungua mkoba ule sasa hivi, kula. Mheshimiwa atangoja kidogo kukata utepe.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Naomba kiti.