Ridhaa Isiyo na Nafasi ya Kukataa

Benchi la Gundi, fundi viatu, liliwekwa kwa ajili ya wateja, ila wateja wenyewe huishia kusimama. Jioni hukaliwa na Kipaza, mpakiaji wa kiwanda cha magodoro, ambaye siri akiinong'ona husikika mtaa wa pili, na Hakimu, tarishi mstaafu asiyeacha jambo lipite bila kulitolea hukumu. Birika la kahawa ni moja, vikombe viwili, na zamu ya kunywa hugombewa kuliko hoja. Siku hiyo Gundi alikuwa akiigonga soli kwa hasira, soli ya watu isiyo na kosa lolote. Mkewe alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka kiwandani.

Kipaza, aliyekuwepo, alikuwa anaisimulia habari upya. Asubuhi meneja aliwakusanya uwanjani, akatangaza kwamba mishahara yote sasa itapitia benki moja, aliyoichagua yeye. Mambo ya kulipwa dirishani basi. Kisha akasema anaomba ridhaa yao, kila anayekubali apite mezani aweke sahihi. Asiyekubali apite wapi, hakusema. Watu wakapanga foleni. Mke wa Gundi, mshona pembe za magodoro, alipofika mezani akaiweka kalamu chini.

— Akasemaje hasa? aliuliza Hakimu, ingawa alishasikia.

— Alisema, "Bosi, kama ni amri, iite amri, nitaifuata. Lakini ukiniomba ridhaa, nipe na nafasi ya kukataa. Siwezi kuandika kwamba nimependa jambo ambalo sikuulizwa." Kwa sauti ileile anayoombea uzi.

Meneja akamwambia akalale, afikirie. Kesho akifika aweke sahihi, la sivyo achukue vitu vyake.

Mchana Gundi alikuwa amekwenda nyumbani na maneno yake tayari: mke wangu, saini tu yaishe. Alimkuta anafua sare ya kesho, kola anaisugua kama mtu anayekwenda harusini. Akaishia kumchotea maji ya kusuuzia. Alikuwa na hofu ya kodi ya nyumba, lakini pia alijiona mrefu ghafla, kama aliyeoa jana.

Benchini, Hakimu alishaamua kwamba benki ile ni ya shemeji yake meneja. Kipaza akaona hiyo ndogo: benki itakuwa inachungulia manunuzi yao, na atakayenunua godoro la kiwanda kingine, kazi hana. Hakimu hakukubali kuachwa nyuma. Mwishowe, alisema, mshahara utakuwa unaingia na kutoka wenyewe, nanyi mtaletewa ujumbe wa pongezi.

— Acheni uzushi, alisema Gundi. — Benki ina kosa gani? Mke wangu mwenyewe ana akiba benki. Ubaya ni kumlazimisha mtu, halafu unamwandikisha kwamba amependa.

Hapo wote wakaafikiana, wakaanza kummwagia sifa. Hakimu akasema angekuwa na uwezo, mama yule angempa ofisi ya meneja. Kipaza akaapa kwamba uwanja mzima hajamwona wa kulinganishwa naye.

Mwanamke mmoja, mfagiaji wa barabara, alikuwa amesimama pembeni akingoja viatu vyake.

— Samahani, kaka zangu, alisema. — Kesho akirudi pale mezani, atakuwa na nani?

Hakimu alilitikisa birika. Tupu. Hakuagiza jingine. Nyundo ya Gundi ilikuwa imetua, na macho yake yako kwenye soli, maana hakutaka kumwangalia Kipaza.

Kipaza alikuwa anavitazama vidole vyake, vile vilivyoshika kalamu asubuhi vikaweka sahihi.

— Shemeji hutoka nyumbani saa ngapi?

— Alfajiri, alijibu Gundi.

— Mwambie anipitie. Na mimi nataka kuulizwa.