Mzee Mutsinzi na Sanduku la Vifuniko

Leo, Alhamisi tarehe 31 Machi 1994, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mzee Mutsinzi, mkuu wa walinzi wa lango, anastaafu. Wapo madaktari miongoni mwetu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoajiriwa.

Mwaka 1961 hospitali hii ilikuwa zahanati ya majengo mawili kilimani, upande wa Remera, naye alichukuliwa kuchota maji. Aliona jengo la upasuaji likipanda, kisha wodi ya wazazi, kisha Chuo cha Tiba na wanafunzi wake wenye makoti meupe ambao, kwa maneno yake, "mwaka wa kwanza wanakimbia damu, mwaka wa tano wanakimbia ndugu wa mgonjwa." Leo tunapokea wagonjwa walioshindikana katika hospitali za Kibungo na Byumba, na waganga wanaojifunza kwetu huenda kutibu huko. Wote waliingia kwa lango moja, na swali la Mzee lilikuwa lile lile: "Nani anaumwa?"

Kama mjuavyo, hapa mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Zamani kila mleta chakula aliacha kitambulisho langoni, akakichukua akitoka. Kabila la mtu limeandikwa humo. Kabla ya Oktoba 1990 vitambulisho vilirundikwa mezani kama karata na hakuna aliyejali. Vita vilipoanza, watu wakawa wanaviweka kifudifudi. Baadaye wengine waliogopa hata kusogea. Wapo wagonjwa waliolala njaa huku ndugu zao wamesimama ng'ambo ya barabara, sufuria mikononi.

Januari 1993 Mzee alileta sanduku la mbao lililokuwa la sabuni, akatangaza kwamba tangu siku hiyo mtu ataacha kifuniko cha sufuria. Akitoka, sufuria na kifuniko vikikubaliana, ndiye mwenyewe. Uongozi aliueleza kwamba vitambulisho vinapotea ovyo. Sababu nyingine tuliijua wote, na hakuna aliyeitaja. Akaweka na sheria moja: sanduku haliondolewi langoni maadamu lina kifuniko cha mtu.

Kesi hazikukosa. Mama Nyiransabimana na Spès wa jikoni waligombania kifuniko kimoja hadi foleni ikafika barabarani. Mzee alikigeuza, akatazama masizi, akamwambia Spès: "Dada, hiki kimepikiwa kwa kuni miaka mingi. Wewe unapikia umeme wa hospitali." Foleni nzima ilicheka, na Spès hakumpa mchuzi wiki nzima.

Kisha ikafika Jumamosi ya tarehe 27 Februari 1993. Mchana, vijana wenye marungu walisimama langoni wakitaka vitambulisho vya waliomo ndani. Sisi wa mapokezi tulifunga dirisha. Wodini, Donatille, ambaye leo ni mfuaji wetu, alikuwa akimlisha mwanawe aliyetoka kupasuliwa, na alijua wanaotafutwa ni watu wa kabila lake.

"Leta sanduku la vitambulisho, mzee!"

Akaleta. Akaliweka chini mbele yao. "Haya, wanangu. Chagueni."

"Unatuchezea?"

"Nicheze na nani, kwa magoti haya? Hapa sina majina ya watu. Nina vifuniko tu."

Mmoja alicheka, wenzake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Mkubwa wao alilipiga sanduku teke, akasema watarudi, wakateremka kuelekea barabara kuu. Vifuniko viliviringika mpaka kwenye ngazi za wodi. Donatille alibaki ameshika kijiko hewani. Mpaka leo, kifuniko kikianguka jikoni, mazungumzo hukatika.

Ukimsifu Mzee kwa ushujaa, hukasirika. "Ushujaa gani? Kwa mwoga huenda kicheko. Na siku ile si mlikisikia kicheko?"

Anatuacha wakati mbaya. Vizuizi vimeongezeka barabarani, na asubuhi tunahesabiana kwa macho kabla ya kusalimiana. Inasemekana kuanzia kesho vitambulisho vitarudi langoni na sanduku litapelekwa stoo. Régis, anayeshika nafasi yake, aliulizwa atafanyaje, akaanza kufuta meza ya lango. Donatille, akiwa na shuka mikononi, ameuliza mara mbili kama ni kweli.

Asubuhi hii Mzee alikuja na kifuniko cha sufuria kubwa ya maharage ya mkewe. Alikiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya vingine vyote. "Hiki ni changu, Régis. Nitakuja kukichukua mwenyewe."

Régis anaijua sheria. Alilivuta sanduku karibu na kiti chake, na hapo ndipo lilipo tunapoandika haya.

Asante, Mzee Mutsinzi. Uendapo nyumbani Kibungo, panda basi la asubuhi, giza lisikukute njiani. Msalimie mama, mwombe radhi kwa niaba yetu, maana sasa atafunika maharage kwa sahani. Ukae kwa amani, ulale usingizi mzima. Na tafadhali, usifanye haraka kuja kukichukua kifuniko chako.